Tulivyohama Lamu kwa Vyombo Vichache



Ukisimama juu ya gati la Lamu asubuhi maji yanapojaa, utakiona ng'ambo ya mlango wa bahari kisiwa cha Manda kimejilaza na mikoko yake. Ndani ya kisiwa hicho kuna magofu ya Takwa, mji wa Waislamu uliositawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha ukahamwa. Msikiti wake wa Ijumaa ungali umesimama, na kaburi lake lenye mnara limeandikwa mwaka 1094 wa Hijria, ambao ni kama mwaka 1683 miladia. Wenyeji wake walivuka maji wakaenda kukaa Shela, na hata leo watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru kaburi hilo na kuomba mvua. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhama kwao ni kwamba visima viliingia chumvi.

Tunaanza na Takwa kwa kuwa nasi pia tulihama, na katika siku zile za kufunga mizigo tuliwakumbuka sana watu hao. Walikuwa na kuta za mawe, na milango, na kaburi la mzee wao. Walichukua waliloweza, wakaacha wasiloweza, na la maana ni kwamba walifika salama. Kila aliyewahi kuhama akiwa na mfuko mwepesi anajua kwamba mtihani wote umo katika kupambanua hayo mawili. Tumeona tuwasimulie wasomaji wetu, hasa akina mama ambao ndio hubeba mzigo wa kuhama kuliko mtu yeyote, namna tulivyoupita mtihani huo, na palipotuuma.

Hesabu ya mwanzo

Tulikuwa tumepanga nyumba ya mawe katika mtaa wa Langoni kwa miaka kumi na mmoja. Mwenye nyumba akapata mnunuzi, akatupa miezi mitatu ya kuondoka, naye hakutukosea, kwani mali ni yake. Baba watoto ni seremala, na kazi kisiwani ilikuwa imepungua. Mwenzake mmoja wa zamani alimwita katika karakana yake huko Kisauni, Mombasa. Basi tukanuia kuhama katika likizo ya Desemba, ili watoto waanze mwaka wa masomo shule mpya bila ya kukatizwa katikati, na pia kwa kuwa bahari ya kusi tungekuwa tumekwisha kuachana nayo.

Nyumbani tulikuwa watu sita: sisi wazazi wawili, watoto watatu ambao mdogo wao alikuwa angali ananyonya, na bibi yao, mama yake baba watoto, aliyezaliwa Lamu na hajawahi kulala Mombasa zaidi ya mwezi mmoja.

Akiba yetu ilikuwa shilingi 48,000. Tuliketi usiku mmoja baada ya Isha, tukaandika katika daftari la mtoto kila kitu ambacho kingetaka fedha. Kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya nyumba, 20,000. Lori, 18,000. Mashua ya kuvusha vyombo hadi Mokowe, 3,500. Punda, mizigo kumi na miwili kwa shilingi 200 kila mmoja, 2,400. Nauli ya basi kwa viti vinne, 6,000. Boti ya abiria, 600. Mahamali wa Mokowe na wa Kisauni, 3,500. Chakula cha njiani na tuktuk, 2,000. Jumla ikawa 56,000, na mfukoni tulikuwa na 48,000.

Hapo ndipo mtu huanza kujishawishi. Tukakata wapi? Tupande lori sote tukae juu ya magodoro, tuokoe nauli ya basi? Tuvuke na vyombo katika mashua moja? Tuipeleke amana ya nyumba kwa simu bila ya mtu kwenda kuiona? Kila moja ya njia hizo ilikuwa na watu waliowahi kuipita wakasalimika, na watu hao ndio hutolewa mfano. Waliopatwa na mabaya hawasimulii gatini.

Bibi alikuwa akitusikiliza huku anapepeta mchele. Akauliza, "Hivyo vyombo vyote mnavyovihesabu, mnavihitaji?" Swali hilo ndilo lililotuvusha. Badala ya kupunguza usalama, tulipunguza mali. Tuliuza kabati la nguo, seti ya makochi na jokofu kuukuu lililokuwa likila umeme, tukapata 14,000. Sasa tukawa na 62,000, na mizigo imepungua. Shilingi 6,000 zilizozidi tulimkabidhi bibi, akazifunga katika pindo la leso yake, nasi tukaahidiana kwamba fedha hizo si za kununulia kitu wala za kuongezea kitu. Ni za jambo lisilojulikana bado. Tutangulize kusema kwamba jambo hilo lilikuja. Wiki ya pili tukiwa Kisauni mtoto wetu wa kati alishikwa na homa kali usiku, na pindo lile la leso ndilo lililotufikisha hospitali bila ya kubisha mlango wa jirani tusiyemjua jina.

Nyumba kabla ya lori

Wengi wetu hutafuta kwanza gari, kisha nyumba. Sisi tulianza na nyumba, na nusura tuanguke hapo hapo.

Dalali mmoja alitutumia picha za nyumba ya vyumba viwili, safi, yenye vigae sakafuni, kwa kodi ndogo kuliko tulivyotarajia. Akasema wapo watu wengine wanaitaka, basi tutume amana kabla ya Magharibi. Tulikuwa tumekwisha kuishika simu. Lakini tuna wifi anayekaa Kisauni, tukamwomba aende akaione kwa macho yake. Alikwenda akamkuta mama mmoja anaanika nguo uani, anakaa humo na watoto wake, wala hana habari ya kuhama. Tulipompigia dalali simu hakupokea tena.

Tangu hapo wifi alifanya kama walivyofanya mama zetu. Hakutafuta nyumba kwa picha, alitafuta kwa miguu. Alikwenda mchana na akarudi usiku, kwa sababu mtaa wa mchana na mtaa wa usiku si mtaa mmoja. Aliwauliza wanawake walio foleni ya maji, na mwenye duka la pembeni, na mwalimu wa madrasa. Alipoipata nyumba iliyotufaa alifungua bomba, akayaonja maji yake, akatupigia simu: "Ya bomba ni matamu, lakini hutoka siku mbili kwa wiki. Ya kisima yana chumvi, ni ya kufulia na kuoshea tu. Ya kunywa wekeni fedha mbali." Tukawakumbuka tena watu wa Takwa. Mtu aweza kuishi na dari inayovuja hadi mwenye nyumba aizibe, lakini maji usiyoweza kuyanywa ni jambo la kulihesabu kila siku.

Amana haikutolewa ila baada ya wifi kumwona mwenye nyumba mwenyewe, kukitazama kitambulisho chake, na kuandikiana karatasi mbele ya mashahidi wawili. Kuandikiana deni na mapatano si kukosa imani na Muislamu mwenzio. Ni jambo tulilofundishwa na dini yetu, nalo humlinda anayetoa na anayepokea.

Mafungu matatu

Vyombo vilivyobaki tulivigawa mafungu matatu. La kwanza ni vya kwenda na lori: magodoro, vyungu na masufuria, meza ya kusomea watoto, cherehani, jiko, mbuzi ya kukunia nazi, na masanduku ya nguo. La pili ni vya kugawa na kusadikisha. La tatu, lililo dogo kuliko yote, ni mkoba mmoja wa bega ambao haukutakiwa kutuondoka mikononi. Humo mliingia vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za uhamisho wa shule, kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha ndoa, dawa za presha za bibi za wiki mbili, na msahafu wa nyumba, ambao haukutufaa kuufunga chini ya sufuria.

Hatukununua hata karatasi moja ya kufungia. Maboksi tuliyaomba madukani. Sahani na vikombe tulivifunga kwa leso na kanzu zetu wenyewe, kwani nguo zilikuwa ziende vilevile, basi na zifanye kazi njiani. Mtungi wa gesi tuliuza na gesi yake kwa jirani tukanunua mwingine tulikofika, maana dereva alikataa kuupakia na magodoro, nasi tulimshukuru. Kila boksi liliandikwa nambari, na nambari zikaandikwa katika lile daftari la mtoto.

Lori tulilipata kwa subira. Malori yaletayo bidhaa Mokowe kutoka Mombasa mara nyingi hurudi matupu, na mwenye lori linalorudi tupu husikia bei kuliko anayetoka kwao kukufuata wewe. Dereva wa kwanza alitaka 30,000. Tulingoja siku tisa, tukawauliza wenye maduka ni nani huwaletea mizigo na ni nani hawajawahi kulalamikiwa, tukampata mmoja kwa 18,000. Baba watoto alivuka kwenda kulitazama lori lenyewe: matairi, breki, turubai, stika ya bima. Tukapatana nusu ya fedha wakati wa kupakia na nusu vyombo vikishateremshwa Kisauni, na kwamba asiendeshe usiku bali alale Malindi. Dereva naye akatutaka barua ya chifu ya kuonyesha kwamba vyombo ni vyetu na tunahama, ili asisumbuke vizuizini. Tuliipata kwa siku moja. Mtu makini hutaka sharti kama anavyotoa sharti.

Gatini

Siku ya kuhama tuliamka kabla ya Alfajiri. Punda walikuja baada ya sala, wakapita vichochoroni wakiwa na mabunda yetu mgongoni, na majirani wakatoka vizingitini kututazama. Kuna haya fulani katika kuonekana vyombo vyako vyote barabarani. Magodoro yenye viraka, ndoo zilizopasuka, vyote hujulikana siku hiyo. Bibi yetu alitembea nyuma ya punda wa mwisho, kwa kuwa huyo ndiye aliyebeba nguzo za kitanda chake.

Kitanda hicho tulikuwa hatujakitia katika fungu lolote. Ni samadari ya mti mzito, yenye nguzo nne ndefu, aliyoolewa nayo. Juu yake alizaa watoto saba, na juu yake baba yao alifariki. Hakuna aliyethubutu kusema neno. Tulisema tu, "Kitaenda," na hatukukipima.

Mashua ilipokwisha kupakiwa magodoro, masanduku, meza na cherehani, ilikuwa imezama hadi nahodha akakuna kichwa. Kitanda kilikuwa bado kiko gatini, na upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza kuamka. Nahodha akasema haina taabu, nguzo na mbao zitalazwa juu ya magodoro zifungwe kamba, na baba watoto na kijana wetu mkubwa wa miaka kumi na miwili wakae juu yake wazishikilie. Ni mwendo mfupi hadi Mokowe. Watu hufanya hivyo kila siku. Kijana alikuwa amekwisha kuvua viatu kwa furaha.

Safari ya pili ingetugharimu 3,000, nusu ya zile za pindo. Zaidi ya hayo, maji yalikuwa yakijiandaa kupwa, na dereva wa lori alikuwa ametuambia kwamba ikipita saa sita mchana hatoweza kuvuka Garsen na kufika Malindi kabla ya usiku. Tukasimama pale, tukamtazama bibi, tukatazama bahari.

Bibi ni binti wa baharia. Alisogea hadi ukingoni mwa gati akainama.

"Nahodha, mwanangu, ubao uliobaki juu ya maji ni shubiri ngapi?"

"Moja na kitu hivi, bi mkubwa."

"Na kitanda kikiingia?"

Nahodha hakujibu.

"Na hawa wawili wakikaa juu yake?"

Nahodha akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Kitanda kibaki," bibi akasema. "Na mtoto arudi avae viatu vyake. Mimi sikuletewa kitanda hiki ili nimpoteze mtoto kwacho."

Baba watoto alitaka kumwambia kwamba fedha ya safari ya pili ipo, dereva ataombwa. Alimkatiza. "Dereva mmeapiana asiendeshe usiku. Leo mwamtaka aendeshe usiku kwa ajili ya mbao?"

Basi mashua ikaondoka na vyombo, na nahodha, na baharia wake mmoja, na baba watoto ameketi chini tezini. Tuliifuata kwa macho hadi ilipopinda. Saa tano na nusu akatupigia simu kwamba lori limekwisha kupakiwa, na kwamba yeye amepanda ndani mbele na dereva, si juu ya mizigo.

Mapatano yetu yalikuwa kwamba sisi wengine tulale Lamu usiku ule na tuondoke alfajiri kwa boti ya abiria, basi la asubuhi. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa ametuandalia chumba. Mahamali wakaulizwa kitanda kipelekwe wapi, na bibi akasema kipelekwe hapo hapo kwa jirani. Kikaungwa nguzo kwa nguzo katika chumba tulicholala. Jirani ana mjukuu wa kike aliyekuwa ameposwa. Bibi alimwita yule binti, akamwonyesha ubao unaolia ukiukanyaga na namna ya kuukaza kamba, kisha akamwambia ni hadiya yake ya arusi. Usiku ule alilala juu ya kitanda chake mara ya mwisho, nasi tukalala chini juu ya mkeka pamoja na watoto, na hatukumsikia akilia. Lakini kulipopambazuka alikuwa amekwisha kuoga na kusali, na shuka amezikunja nne sawasawa, kama mtu anayerudisha amana.

Njia

Boti ya abiria ilikuwa na jaketi za kuokolea maisha, nasi tulizivaa, hata bibi juu ya buibui lake. Kijana alisema anaona haya. Tukamwambia haya ya nusu saa si kitu. Mokowe tulipanda basi lenye viti vyenye nambari, tukasoma dua ya safari, likaondoka saa moja na nusu. Mbali kidogo ilikuwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021.

Njia hii wasafiri wa zamani waijua kwa tabu zake. Palikuwa na vumbi na tope kabla ya lami. Baada ya mwaka 2014 palikuwa na miaka ambayo magari yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na polisi kwa sababu ya mashambulizi. Na mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata barabara yenyewe. Kwa hivyo hatukukata tikiti kabla ya kuuliza kama njia iko wazi, saa ngapi magari yanaruhusiwa, na mto umelalaje. Kuuliza hakuna nauli. Vizuizini tulishuka na vitambulisho mkononi, na mkoba wa bega ukatulipa fadhila zake, kwani waliokuwa wameacha vyao katika mizigo walichelewa na kutuchelewesha.

Tulipita Hindi, kisha tukafika Witu. Huko nako ni mji wa waliohama. Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliondoka visiwani katika karne ya 19 kwa kushindana na nguvu za Zanzibar, akaweka makao yake Witu, ndani ya msitu. Mwaka 1885 Wajerumani waliuweka mji huo chini ya ulinzi wao, na mwaka 1890 Waingereza wakaushambulia. Leo ukipita unaona miembe, na watoto wanaouza maembe ya Desemba dirishani. Bibi alinunua manne, akasema ya Lamu ni matamu zaidi, akayala yote mawili ya kwanza peke yake.

Baada ya hapo nchi hulala chini na kupanuka, ng'ombe wa Waorma huvuka barabara bila ya haraka, na mashamba ya Wapokomo hufuata maji. Karibu na Garsen tuliuvuka mto Tana juu ya daraja, maji yake mekundu kama chai ya rangi. Kisha mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha Mambrui, kisha daraja la Sabaki, na karibu na adhuhuri tukawa Malindi. Tulipata msikiti wenye sehemu ya wanawake, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, sala ya wasafiri. Hapo baba watoto akatupigia simu. Walilala Malindi usiku, wakaondoka asubuhi, vyombo vimekwisha kuteremshwa Kisauni, na kilichovunjika ni sahani tatu na kioo kimoja.

Kutoka Malindi barabara hupita karibu na Gede, mji mwingine wa mawe uliohamwa na kumezwa na msitu. Kijana aliuliza kwa nini pwani yetu ina miji mingi iliyoachwa. Bibi alijibu kabla yetu: "Haikuachwa na wafu, baba. Iliachwa na walio hai, ndiyo sababu sisi tupo." Tulivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, na bibi akakumbuka siku za feri, magari yakingoja jua kichwani. Kisha Mtwapa, na majumba yakaanza kubanana, na moshi, na honi. Mtoto mdogo akaamka akalia. Tuliteremka Bombolulu, wifi akatupokea na tuktuk mbili.

Rakaa nne

Nyumba ilikuwa ndogo kuliko ilivyokuwa katika maneno. Vyombo vilijazana sebuleni, na nambari za maboksi zikatusaidia kupata jiko na sufuria kabla ya giza. Jirani wa mlango wa pili alileta sinia la wali na samaki wa kupaka, asijue hata tumetoka wapi. Chumba cha bibi tulimtandikia godoro chini, kwa kuwa samadari haikuwapo na kitanda kingine hatukuwa na fedha ya kukinunua. Tulikuwa tukiogopa saa hiyo kuliko saa yoyote ya safari.

Tulisali Magharibi. Ilipoadhiniwa Isha tulisimama nyuma ya baba watoto, wanawake na watoto, baina ya maboksi. Kijana, aliyekuwa amejifunza mambo ya safari siku ile, akauliza kwa sauti ya chini kama tutapunguza tena. Bibi ndiye aliyemjibu, akiwa amekwisha kuitandika miswala: "Msafiri ni anayerudi. Sisi tumefika. Ni nne."

Akasali rakaa nne kamili. Kisha akaenda akalala chini juu ya lile godoro. Miezi miwili baadaye baba watoto alimchongea kitanda cha mbao za mabaki ya karakana, kifupi, kisicho na nguzo. Hakisifu, wala hakilaumu.

Siku hizi jirani zetu wa Lamu hutupigia simu wakitaka kuhama, na huuliza kwanza bei ya lori. Simu hupewa bibi. Naye huwauliza mangapi wameyagawa, nani ameonja maji ya huko waendako, na mashua imebakisha shubiri ngapi. Mafundisho tuliyoyapokea ya kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali, yeye ameyaweka katika maswali hayo matatu. Mwenye fedha nyingi akikosea hununua tena. Sisi wenye kidogo hatuna cha kununulia tena, na kwa sababu hiyo tahadhari ni mali yetu kuliko yao.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama wote walio njiani, awape wanaohama majirani wema na maji matamu, na awarehemu waliotutangulia kuhama. Amin.